Nalala Vizuri Siku Hizi

Shule ya msingi tulifundishwa kwamba kwenye insha mtu halali tu hivi hivi. Lazima alale fofofo, na usingizi lazima uwe wa pono. Ukiandika "nililala" peke yake, mwalimu anakata maksi. Mimi nimezaliwa Nakuru, mbali na bahari, na pono sijamwona hadi leo isipokuwa kwenye picha. Lakini nilimlaza kwenye kila insha, kuanzia "Siku Sitakayoisahau" hadi "Ajali Niliyoishuhudia".

Sasa nina miaka 26, na mwaka huu ndio wa kwanza tangu niwe mtu mzima ambapo naweza kuandika sentensi hiyo bila kudanganya.

Miezi minane iliyopita nilipunguza pombe. Nasema nilipunguza, sikuacha, kwa sababu sitaki sifa ambazo si zangu. Jumapili hadi Ijumaa sigusi. Jumamosi nakunywa chupa mbili, ya mwisho inaisha kabla ya saa mbili usiku, halafu naenda keja. Mbogi yangu ilicheka wiki ya kwanza, ikakasirika wiki ya pili, ikanizoea wiki ya tatu. Kufikia wiki ya sita nilikuwa nalala saa nne na kuamka saa kumi na mbili asubuhi bila alamu, mdomo haujakauka, kichwa hakigongi. Nikampigia mama simu kumwambia, kama mtu anayetangaza matokeo ya KCSE.

"Mum, nalala vizuri siku hizi."

Nilitarajia asifu Mungu. Akanyamaza kidogo. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Ni vizuri, baba," akasema. Ananiita baba kwa sababu nimepewa jina la babake. "Mimi bado."

Hajasema kwa ubaya. Aliuliza kama nimekula, tukaongea mambo ya bei ya unga, tukaagana. Lakini hiyo "bado" imekaa na mimi tangu siku hiyo, na ndiyo inayonifanya niandike. Nataka kujua kama mtu ana haki ya kulala vizuri wakati aliyemkosesha usingizi bado anakodolea paa.

*

Kwanza nieleze nilichokuwa nafanya kabla, kwa sababu kwa muda mrefu nilidhani nalala.

Kiswahili cha mtaani kina neno sawasawa kwa jambo hilo: kuzima. Husemi ulilala ukiwa mlevi, unasema ulizima, kama simu iliyoisha chaji. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu nilianza kuandika kwa malipo mtandaoni. Kazi nyingi ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Ndiyo, niliacha chuo changu nikaanza kusomea watu vyuo vyao. Mchana wao ni usiku wetu, kwa hivyo kazi ilikuwa inaingia saa tatu usiku na kutakiwa saa tisa. Ukimaliza, akili inakimbia kama matatu isiyo na breki. Kwota moja ya vodka ilikuwa inaizima. Baadaye kwota haikutosha. Baadaye zaidi sikungoja kazi iishe, na siku za kukosa kazi nilikuwa kwenye keg kuanzia jioni.

Mwili hauwezi kudanganywa hivyo bure. Pombe inakuwahisha kulala, hilo ni kweli, na ndiyo maana watu wengi huiita dawa ya usingizi. Saa za kwanza unazama kabisa. Lakini inakunyima sehemu ya ule usingizi wa ndoto, ambao ubongo unautumia kupanga mambo ya siku na kutuliza hisia. Ini nalo linafanya kazi polepole, kama kinywaji kimoja kwa saa. Ikifika saa tisa usiku pombe inapungua mwilini, na mwili uliokuwa umekandamizwa unaruka juu kama springi. Moyo unadunda. Jasho. Unaenda haja ndogo mara tatu, kwa sababu pombe inazuia homoni inayouambia mwili ubakize maji. Koo limelegea, unakoroma hadi jirani anagonga ukuta. Asubuhi umekuwa kitandani saa nane na umechoka kama aliyebeba mawe, basi unaenda kutoa lock, na siku inaanza tena.

Halafu kuna jambo la kumbukumbu. Ukinywa haraka, hasa bila kula, inafika mahali ubongo unaacha kurekodi. Unatembea, unaongea, unacheka, unapiga simu, lakini hakuna kinachoandikwa. Wewe uko, ila kesho yako haitakukuta pale.

Mimi, nikiwa hapo, nilikuwa nampigia mama.

*

Nilijua kwa sababu ya simu yenyewe. Asubuhi moja niliangalia orodha ya simu nilizopiga nikaona "Mum", saa 02:13, dakika 47. Nikarudi nyuma. Wiki iliyotangulia, mara mbili. Mwezi uliotangulia, sikuhesabu. Sikumbuki hata neno moja la simu hizo. Nilipomuuliza, alisema, "Ulikuwa unalia tu. Nilikuwa nakungoja ufike nyumbani." Alikuwa anakaa kwenye laini hadi asikie mlango wangu ukifungwa, na mimi nikianza kukoroma. Ndiyo, alisikia nikikoroma. Alikuwa Nakuru, mimi Kahawa West, na yeye ndiye aliyekuwa mashahidi wa usingizi wangu.

Mama anauza chapati na chai karibu na stendi. Anaamka saa kumi na nusu kukanda unga. Ukimpigia mtu kama huyo saa nane usiku na kumweka dakika 47, umemmalizia usiku. Alilala na simu chini ya mto kwa miaka mitatu. Alizoea kuamka saa nane hata nisipopiga, na akiamka anaanza kujiuliza kwa nini sijapiga.

Mwaka jana aliungua mkono na mafuta moto. Ana kovu refu kutoka kwenye kiwiko karibu na mkono. Anasema ni ajali, kikaango kiliteleza. Nimetafuta ile tarehe kwenye orodha ya simu zangu, lakini simu ya wakati huo niliipoteza baa. Kwa hivyo sitajua kamwe kama usiku ule nilimpigia. Na naona kwamba sehemu yangu fulani ilifurahi kwamba sitajua. Hiyo sehemu ndiyo naiogopa zaidi.

*

Watu wana msemo kwamba mwenye dhamiri safi hulala vizuri. Mhubiri wa mtaani kwetu anausema, na hata mlinzi wa plot anausema akitaka kukusifu ukimpa mia. Kwa msemo huo, usingizi wangu wa sasa ni kama cheti cha tabia njema. Nimeacha ubaya, nimelipwa usingizi.

Nimejaribu kuuamini. Unanipendelea, kwa nini nisiuamini? Lakini hausimami. Nilipokuwa nawaandikia watu insha za udanganyifu, dhamiri haikuniamsha hata siku moja. Iliyoniamsha ilikuwa ni vodka. Tunawajua watu walioiba pesa za umma, na sidhani wanakodolea dari. Wana vitanda vizuri na ukimya wa kununua. Na tunawajua watu wema wasiolala: muuguzi wa zamu ya usiku, mama mwenye mtoto mchanga, wachuuzi wanaofika Marikiti kabla ya alfajiri kuchukua sukuma ambayo sisi tutaikuta kwa mama mboga saa moja. Hapa Nairobi usingizi wako unategemea unene wa ukuta wako na umbali wa baa kuliko unavyotegemea moyo wako. Kwetu kuna baa upande mmja, kanisa lenye kesha kila Ijumaa upande wa pili, na spika zote zinaelekea dirisha langu.

Aristotle aliliona hili zamani sana. Katika kitabu chake cha maadili anasema kwamba usingizini ni vigumu kabisa kumtofautisha mwema na mbaya, kwa sababu wema ni kitu kinachofanywa, na aliyelala hafanyi kitu. Nilisoma hayo nikimwandikia mtu insha, nikalipwa, nikasahau. Yamenirudia sasa. Usiku unapofika mimi na yule mwizi wa pesa za umma tunafanana, tofauti ni bei ya godoro.

Kitabu hicho hicho kina jambo lingine ambalo halinipendelei. Anataja sheria zilizomwadhibu mlevi mara mbili: moja kwa kosa, nyingine kwa kulewa. Pittacus, mtawala wa Mytilene, anakumbukwa kwa sheria ya namna hiyo. Hoja yake ni kwamba chanzo kilikuwa ndani ya mtu mwenyewe. Huwezi kusema "sikujua nilichofanya" wakati wewe ndiye uliyeizima taa.

Najua kuna wasee watasema huu ni ukali wa kizamani. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Buda, unajilaumu bure. Pombe ni ugonjwa." Kwa wengine ni kweli kabisa. Kuna watu ambao miili yao imeshashikwa, wakiacha ghafla wanatetemeka, wanaona vitu visivyokuwepo, wanaweza kupata kifafa na hata kufa. Mtu kama huyo asiachie nyumbani peke yake eti ana msimamo. Aende hospitali, au apige laini ya bure ya NACADA, 1192. Kumwambia huyo ajikaze ni ujinga na ni ukatili.

Lakini mimi sikuwa hapo. Nilikuwa naelekea, ila nilikuwa na barabara ya kurudi na nilijua iko wapi. Nikijifunika blanketi la ugonjwa ambao sikuwa nao, namwibia mgonjwa halisi, na pia namwibia mama. Maana kama hakuna aliyefanya, basi hakuna wa kumwomba msamaha.

*

Wiki za kwanza za kupunguza hazikuwa na pono yeyote. Nililala saa tatu, nne, nikiamka kila mara. Halafu ndoto zikarudi zote kwa pamoja, kama wadai waliosikia umepata kazi. Ndoto nyingine nilikuwa nakunywa. Naamka nikijinusa, moyo mzito kwa hatia ya jagi ambalo halikuwepo.

Augustino, yule askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria, aliulizia jambo kama hili katika Maungamo yake. Mambo aliyoyaacha akiwa macho yalimjia usingizini na akayakubali. Akauliza, je, usingizini mimi si mimi? Aliona kwamba akiamka anapata amani, kwa kuwa hakuyafanya yeye, ila yalifanyika ndani yake, na bado yanamsikitisha.

Nilijaribu kuazima amani hiyo kwa ajili ya zile simu za saa nane. Hazikufanywa nami, zilifanyika ndani yangu. Lakini hapana. Ndoto haiungui mkono wa mtu mwingine. Ndoto inabaki kwa mwotaji. Simu ina upande wa pili. Mimi sikumbuki, yeye anakumbuka, na kumbukumbu yake ndiyo iliyobaki ya usiku wetu wote wawili. Nilimwachia mama kazi ya kukumbuka maisha yangu, kisha nikapona, nikampigia kumwambia nimepona.

Naona kosa la ile simu ya wiki ya sita lilikuwa hapo. Haikuwa uongo. Ilikuwa ni kama mtu aliyekukopa akikupigia kukuambia kwamba biashara yake sasa inaenda vizuri sana, halafu anakata.

*

Kwa hivyo nifanye nini? Jibu la kwanza nililojaribu lilikuwa la kitoto. Kwa siku kadhaa baada ya ile "bado" nilikataa kulala. Nilijiambia, kama yeye halali, mimi ni nani nilale? Nilikaa macho hadi saa nane, nikiangalia simu, nikijiona mtu wa maana. Siku ya nne nilikosea kazi ya mteja, nikakosa pesa ambayo sehemu yake ilikuwa ya mama. Hapo nikaelewa kwamba usiku hauhamishwi kama pesa kwa M-Pesa. Nikikosa usingizi mimi, yeye haongezewi hata dakika. Nitakuwa nimeharibu usiku wa wawili badala ya mmoja, na kuita uharibifu huo toba.

Halafu kuna jambo lingine: hatia inaweza kuwa kinywaji. Inakupa joto, inakufanya ujifikirie wewe tu. Nilipokuwa macho kwa hatia, nilikuwa namfikiria nani? Nilikuwa nafikiria jinsi mimi ninavyomfikiria.

Ninavyoona sasa ni hivi. Usingizi mzuri sikuupata kwa kustahili, kwa hivyo siwezi kuukataa kwa kutostahili. Umekuja kwa sababu mwili ukiachiwa nafasi unajirekebisha, wa mwema na wa mbaya. Swali la haki halianzi kitandani. Linaanza saa kumi na mbili asubuhi, nikishaamka na kichwa chepesi. Kichwa chepesi nitakitumia kwa nani? Hapo ndipo mimi na yule mwizi wa pesa za umma tunaweza kuanza kutofautiana, kama tutatofautiana.

Nilichomwibia mama kilikuwa ni uhakika. Mtu analala kwa sababu anaamini kwamba kwa saa chache hakuna kitu kitakachomhitaji. Nilimvunjia imani hiyo usiku baada ya usiku, na haijengwi kwa maneno. Nilimwambia "sitapiga tena usiku" mara nyingi nikiwa mlevi, kwa hivyo hata nikisema nikiwa mzima, sentensi ni ile ile. Kitu pekee kinachoweza kufanya kazi ni kuwa mtu wa kuchosha. Mtu anayejulikana atakuwa wapi.

Basi nampigia kila siku saa mbili na nusu usiku. Jumamosi pia, hasa Jumamosi. Simu ya dakika mbili. "Nimefika keja." "Umekula?" "Nimekula." "Sawa baba, lala salama." Hakuna hotuba. Sijamwambia kwa nini nimeanza na yeye hajauliza. Mwezi wa kwanza nilisikia akinisikiliza sauti, akipima ulimi kama unateleza. Nilimwacha apime. Ni haki yake. Msamaha niliuomba mara moja, uso kwa uso, nilipoenda Nakuru Aprili, tukiwa tunakanda unga pamoja saa kumi na nusu. Nilimuuliza kuhusu ule mkono. Akasema, "Ni kikaango." Sikumsukuma. Pengine ni kikaango. Pengine ameamua niwe na kitu kimoja cha kutokujua, na huo ni ukarimu ambao sijui kama naustahili.

*

Nimesoma kuhusu pono, baada ya kumtumia miaka yote hiyo. Baadhi ya aina zake kila usiku hutoa ute mdomoni na kujitengenezea kifuko kama neti, hulala ndani, na wanasayansi wanadhani kinawakinga na vidudu vinavyonyonya damu. Asubuhi kifuko kimekwisha, jioni anaanza upya. Mwalimu hakutuambia hilo. Tulidhani ni samaki mvivu tu.

Wiki mbili zilizopita, Alhamisi, nilipiga saa mbili na nusu. Haikushikwa. Nikapiga saa tatu kasoro. Nikapiga saa tatu. Nikaanza kutembea kwenye bedsitter, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Niliwaza mafuta, niliwaza barabara ya stendi, niliwaza presha yake. Nikampigia jirani yake, mteja hapatikani. Saa tano nilikuwa nimevaa viatu bila kujua naenda wapi. Saa nane usiku nilikuwa nimekaa kitandani, macho kwenye simu, koo limekauka. Kwa mara ya kwanza nilikaa ndani ya saa ile nikiwa mzima, nikaona jinsi ilivyo ndefu.

Alipiga saa kumi na moja, nyuma yake nasikia chapati zikichapwa.

"Baba, nimeona simu kumi na nne. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mum. Ulikuwa wapi?"

"Nililala," akasema, kama mtu anayekiri kosa. "Nilijilaza saa mbili nikasema napumzika kidogo. Simu niliisahau jikoni."

Nikamwambia ni sawa. Akaniuliza kama nimelala. Nikasema nimelala. Huo ni uongo wangu wa kwanza kwake tangu nipunguze, na bado sijaamua kama ni dhambi. Nilivua viatu, nikafunga dirisha, nikasinzia hadi saa nne asubuhi.